Egemeo la mkono kwenye banjo: lishuke, lipande, liwe la mbao au liondoke?

Wiki ya tatu tangu ninunue banjo, kidole changu kidogo cha mkono wa kulia kilianza kufa ganzi. Nikajiambia ni uchanga tu, mkono utazoea. Haukuzoea. Nikifika katikati ya wimbo, kidole cha pete nacho kinafuata, na kucha za chuma nilizovaa zinakwaruza nyuzi kama panya aliyenaswa kwenye debe. Nilibadilisha nyuzi, nikabadilisha kucha, nikabadilisha hata kiti. Kitu ambacho sikukigusa ni egemeo, kile kibao cha chuma kilichofungwa ukingoni mwa ngoma, mahali mkono unapolala. Kumbe mwenye kesi alikuwa yeye.

Sisi tuliojifunzia nyumbani, hasa tulioingia kwenye banjo kwa mlango wa nyimbo za kantri zinavyopendwa hapa Kenya, hatuna mwalimu wa kukaa pembeni na kusema "hebu shusha hiyo kidogo". Unabaki na maswali yako: nilishushe egemeo, nilipandishe, ninunue la mbao, au nilifungue nilitupe kabatini? Nimepiga kwa njia zote nne, kila moja kwa miezi kadhaa, na nimekuta kila moja ina mwenyewe.

Kwanza, kazi yake

Ngoma ya banjo ya kawaida ina kipenyo cha inchi 11, yaani sentimita 28 hivi. Nyingine zina inchi 12. Juu yake imewambwa ngozi. Tunaiita ngozi, ingawa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 plastiki imechukua nafasi yake kwenye banjo nyingi. Pembeni kuna pete ya chuma inayoivuta ngozi chini kwa kulabu, mara nyingi 24 kwenye banjo zenye mgongo wa mbao (bakuli la mbao linalofunika nyuma ya ngoma). Mkono wako wa kulia lazima uvuke ukingo huo kuzifikia nyuzi. Bila egemeo, pete na vichwa vya kulabu vinaingia kwenye nyama, na mkono wenyewe unalalia ngozi na kuizima. Enzi za ngozi ya ndama kulikuwa na sababu ya tatu, nayo ni jasho: ngozi ikinywa unyevu hulegea. Wapiga gabusi wa Komoro, ambao ala yao nayo huwambwa ngozi, hawahitaji kuelezwa hilo.

Tutapima kwa nini

Kabla ya kulinganisha tukubaliane vigezo, maana ukisikiliza wapigaji wakibishana juu ya jambo hili utagundua mmoja anazungumzia sauti na mwenzake anazungumzia maumivu.

Cha kwanza ni *kifundo cha mkono*. Hapa staili ya upigaji ina neno kubwa. Kwenye staili ya vidole vitatu, ile ambayo Earl Scruggs wa North Carolina aliitangaza baada ya kujiunga na bendi ya Bill Monroe mwaka 1945, kidole kidogo au cha pete (au vyote viwili) hutia nanga juu ya ngozi. Kifundo kinapinda kama mgongo wa paka, na vidole vinavyopiga vinashuka kutoka juu. Kwenye klohama, staili ya zamani zaidi, ukucha unashuka juu ya uzi kisha dole gumba linanyofoa uzi wa tano. Hakuna kidole kinachogusa ngozi, mkono mzima unaelea. Mikono hii miwili haiwezi kutaka urefu mmoja.

Cha pili ni *usafi wa mlio*: mikwaruzo ya kucha za chuma, nyuzi zinazorushwa zikagonga freti (vile vijiti vya chuma vya shingoni), na ngozi inayozimwa na mkono. Cha tatu ni *mkono wenyewe*, yaani mgandamizo, ganzi, jasho na bega. Cha nne ni *kazi na gharama* ya kurekebisha.

Hesabu moja ndogo itakusaidia. Kutoka ukingoni mpaka kwenye nyuzi ni karibu nusu ya ngoma, sentimita 14 hivi. Ukiinua egemeo milimita 5, mkono unabadilisha pembe kwa takriban digrii 2. Ukiinua milimita 15 ni digrii 6, na hapo kifundo kimeshakuwa kingine kabisa. Ndiyo maana nasema songa kwa milimita 2 au 3 kila mara, kisha upige siku kadhaa kabla ya kuhukumu.

Egemeo la chuma, lishushwe

Hili ndilo linalokuja na banjo nyingi: kibao cha shaba au chuma kilichopakwa nikeli, chenye miguu midogo inayoshika kulabu au pete. Kulishusha ni kulileta karibu na ngozi kadiri inavyowezekana bila kuigusa.

*Kifundo.* Kigasha, yaani sehemu kati ya kiwiko na kifundo, kinalala karibu sambamba na ngozi. Kifundo kinanyooka. Kwa mtu ambaye kifundo kilichopinda humchosha haraka, hii ni nafuu kubwa. Shida ni kwamba vidole sasa vina nafasi ndogo: badala ya kushuka juu ya uzi, vinaingia chini yake na kuuvuta juu. Uzi ukivutwa juu unarudi kwa kishindo na kugonga freti. Ukisikia mlio kama wa waya unaokatika, shuku hilo kwanza.

*Mlio.* Mkono ukiwa karibu na nyuzi, mwendo wa vidole unakuwa mfupi, na kwa nyimbo za kasi hilo ni faida. Lakini angalia nyama ya mkono. Watu wenye mikono minene wakilishusha sana, ngozi ya mkono inakutana na ngozi ya banjo, na sauti inakufa bila wao kujua kwa nini. Jaribu hivi: piga uzi wa tatu bila kuubana shingoni, kisha inua mkono polepole huku uzi ukilia. Kama sauti imefunguka, ulikuwa umeilalia.

Daraja, kile kijiti kinachosimama juu ya ngozi na kubeba nyuzi, nalo lina usemi. Madaraja huuzwa kwa urefu: nusu inchi (milimita 12.7), inchi 5/8 (karibu 16), na inchi 11/16 (17.5). Egemeo la chini linapatana na daraja fupi. Ukiwa na lile la 17.5 na egemeo limelala chini, nyuzi zinakuwa juu ya vidole vyako kuliko unavyotaka.

*Mkono wenyewe.* Bega linapumzika. Kwa kijana au mtu mwenye mkono mfupi, huu ndio urefu ambao haumlazimishi kuinua bega mpaka sikioni. Kuhusu ganzi, kushusha peke yake hakutoshi, kwa sababu ukingo wa kibao bado ni ule ule mwembamba.

*Kazi na gharama.* Haigharimu kitu kama miguu ina matundu marefu: legeza skrubu, telezesha, kaza. Na hapa nikiri ujinga wangu. Mara ya kwanza nilichukua spana nikalegeza nati za kulabu nikidhani ndizo zinazoshika egemeo. Ngozi ikalegea upande mmoja, daraja likazama, na banjo ikalia kama sufuria. Jioni nzima iliishia kwenye kuikaza ngozi upya, nati moja baada ya nyingine, robo mzunguko kila moja. Kwa hiyo tazama kwanza: skrubu ya egemeo ni moja, nati ya kulabu ni nyingine. Kama kwenye banjo yako vimeunganishwa, hesabu mizunguko uliyolegeza na uirudishe vile vile.

Kuna wanaokunja miguu kwa koleo. Inawezekana, ila funga kitambaa kwenye koleo, toa egemeo kwenye banjo kwanza, na ukunje kidogo kidogo. Usimpelekee fundi wa kuchomelea mageti. Atakufanyia kazi kwa moyo mweupe, na kibao kitarudi kimepinda kama muhogo.

*Linamfaa nani.* Mpigaji wa vidole vitatu mwenye mkono mfupi au mwembamba, anayependa mkono tulivu na daraja la kawaida au fupi.

Egemeo la chuma, lipandishwe

*Kifundo.* Hapa kigasha kinapaa na kifundo kinalazimika kupinda ili vidole vifike chini. Kwa mwenye vidole virefu ni raha: vidole vinapata nafasi ya kushuka wima juu ya nyuzi na kucha zinauacha uzi safi. Kwa mwenye vidole vifupi ni adhabu. Kidole cha nanga kinafika kwenye ngozi kwa ncha tu na kuanza kutetemeka.

Kwa klohama mambo yanageuka, na hili lilinishangaza. Mkono wa klohama umekunjwa kama unashika kikombe, kwa hiyo kuna unene wa kiganja kati ya kifundo na nyuzi. Egemeo likiwa juu, kigasha kinakuwa usawa na kiganja, na kifundo kinabaki kimenyooka. Urefu ule ule uliompinda mpigaji wa vidole vitatu unamnyoosha mwenzake.

*Mlio.* Mkono hauwezi kugusa ngozi hata ukitaka, kwa hiyo ngoma inafunguka yote. Watu wengi hulipandisha ili kuondoa mikwaruzo ya kucha, na mara nyingine inasaidia. Lakini niseme ninavyoona mimi: mikwaruzo mingi haitokani na urefu bali na upande. Egemeo likifungwa karibu mno na mkia, kule nyuzi zinapofungiwa, kigasha kinazikatisha nyuzi kwa mshazari mkali, na kucha zinapita juu ya uzi kwa ukingo badala ya bapa. Lisogeze kulabu moja kuelekea shingoni usikilize, kisha moja kurudi nyuma usikilize tena. Dakika kumi hizo zimeokoa watu wengi gharama ya kununua kucha mpya.

*Mkono wenyewe.* Bega linainuka. Ukikaa mbele ya kioo na kuona bega la kulia liko juu kuliko la kushoto, umepitiliza. Mgandamizo nao unaongezeka kwa sababu uzito wa mkono wote unatua kwenye kibao.

*Kazi na gharama.* Kama miguu hairefuki, unaweza kuongeza unene juu ya kibao: kipande cha sponji ngumu au ngozi ya viatu, kigandishwe kwa utepe wa gundi wa pande mbili. Ni rahisi, kinapunguza makali ya ukingo, na kinatoka ukibadili mawazo. Nilianza na milimita 3 za ngozi ya mkanda wa zamani. Mpaka leo ndiyo marekebisho ya bei ndogo na faida kubwa niliyowahi kufanya. Baada ya kupandisha, gonga egemeo kwa kidole. Likitoa mlio wa kutikisika, mlio huo utasikika kwenye kila wimbo.

*Linamfaa nani.* Mwenye vidole virefu, mwenye mkono mnene unaozima ngozi, mwenye daraja refu, na wapigaji wengi wa klohama.

Egemeo la mbao

*Kifundo.* La mbao huwa pana na mviringo, na kwa kawaida linakaa juu zaidi ya lile la chuma. Mkono haushikwi sehemu moja. Unaweza kuteleza mbele na nyuma, kutoka karibu na daraja ambako sauti ni kali mpaka karibu na shingo ambako ni laini. Ukipenda kubadilisha rangi ya sauti ndani ya wimbo mmoja, uhuru huu utauhisi siku ya kwanza.

*Mlio.* Baadhi ya wauzaji husema mbao "inapasha joto" sauti. Mimi sikusikia tofauti hiyo. Nilichosikia ni kwamba mkono uliotulia unapiga vizuri zaidi, na hilo si jambo dogo.

*Mkono wenyewe.* Hapa ndipo inaposhinda kwa mbali. Mgandamizo unasambaa kwenye eneo kubwa na hakuna ukingo. Asubuhi ya baridi ya Limuru haikushtui kama chuma. Wenye ngozi inayowashwa na nikeli (hao wapo wengi, waulize wanaovaa hereni za bei rahisi) wanapona mara moja. Na kwa wa Mombasa na Unguja kuna jingine: chumvi ya hewani na jasho hula nikeli mpaka kibao kiwe na madoa ya kijani, lakini mti uliopakwa vanishi hautoi kutu.

*Kazi na gharama.* Udhaifu wake uko hapa. Nyingi hazina nafasi ya kupanda na kushuka. Kuinua unaweka washa (vipete bapa vya chuma) chini ya miguu; kushusha ni kukwangua mti, na ukishakwangua umekwangua. Pia lazima lilingane na ngoma yako: la inchi 12 halitakaa kwenye ya 11, na nafasi kati ya kulabu zinatofautiana. Pima kabla ya kuagiza, kwa sababu kulirudisha ng'ambo kunaweza kukugharimu kuliko bei yake. Seremala mzuri wa fenicha anaweza kukuchongea la mvule ukimpa kiolezo cha karatasi ngumu. Sehemu ya mbao si ngumu. Miguu ya chuma ndiyo itakayokutoa jasho.

*Linamfaa nani.* Anayepiga saa nyingi, mwenye ganzi au mzio, anayebadilisha staili, na ambaye ameshajua urefu anaoutaka.

Bila egemeo

Banjo za kwanza kabisa, zile za vibuyu ambazo Waafrika waliofanywa watumwa walizitengeneza Karibi na Marekani kwa kumbukumbu za ala za Afrika Magharibi, hazikuwa na kitu hiki. Hata leo wapigaji kadhaa wa banjo za mgongo wazi hulifungua na kuliweka kando.

*Kifundo* kinakuwa chini kuliko njia zote, na mkono uko huru kabisa. *Mlio* unategemea nidhamu yako: ukichoka, mkono unalala kwenye ngozi na sauti inazibika. Wapo wanaoupenda mlio huo uliozibwa kidogo, hasa wanapopiga peke yao chumbani usiku, na siwalaumu. *Mkono wenyewe* unaumia kwa vichwa vya kulabu usipouvisha kitu. Dawa ya kawaida ni soksi ndefu ya pamba iliyokatwa upande wa vidole, ukaivaa kama mkono wa sweta. Inanyonya jasho na kuteleza vizuri. *Gharama* ni soksi moja, na nyingine inabaki bila mwenzake.

*Inamfaa nani.* Mpigaji wa klohama anayepigia juu ya shingo, ambaye mkono wake hauegemei sana ukingoni, na yeyote anayetaka kujua mkono wake unapenda nini kabla ya kununua chochote.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Kabla ya yote rekebisha mkanda wa begani. Banjo yenye mgongo wa mbao ina karibu kilo 5. Isipobebwa na mkanda, mkono wa kulia ndio unaoizuia isianguke, na hapo hakuna urefu wa egemeo utakaokuridhisha. Vaa mkanda hata ukiwa umekaa.

Kama vidole vinakufa ganzi, usianze na urefu. Vaa soksi au bandika ngozi laini kwa wiki moja. Ganzi ikipungua, tatizo lilikuwa ukingo, na la mbao litakufaa. Isipopungua, au ikiendelea hata banjo ikiwa kwenye mfuko wake, nenda kwa daktari. Neva haisubiri wimbo uishe.

Kama kucha zinakwaruza, sogeza egemeo upande kwanza, kisha ndipo upandishe milimita 2 au 3. Kama nyuzi zinagonga freti kila ukikaza mwendo, pandisha. Kama sauti imefifia na mkono wako ni mnene, pandisha pia. Bega au shingo likiuma baada ya nusu saa, shusha.

Ukipiga vidole vitatu leo na klohama kesho, la chuma kwa urefu wa kati lenye kipande cha ngozi unachoweza kubandua litakutosha kwa muda mrefu kabla hujaanza kufikiria la mbao.

Na kama banjo ni ya kuazima, usikunje kitu. Bandika, vaa soksi, na piga picha ya egemeo lilipokuwa kabla hujagusa skrubu hata moja.